Tupeane uzoefu: mliotoka komyuniti koleji mkahamia vyuo vidogo vya sanaa huria, mlionaje?

Mzee wa Maboksi
Wakuu, salaam. Juzi nimempeleka mdogo wangu chuo kipya huko Iowa, Marekani, mahindi kushoto, mahindi kulia, njia nzima. Kufungua mlango wa bweni nikapigwa na ile harufu ya zulia bichi na pizza ya jana, basi yakanirudia yote ya 2014.

Komyuniti koleji, yaani chuo cha miaka miwili cha hapo mtaani, nilikuwa nalala saa nne kwa siku. Usiku nabeba maboksi, asubuhi darasani na watu 35, nusu wana sare za kazi, kipindi kikiisha kila mtu mbio kwenye basi lake. Nikahamia chuo cha wanafunzi 1,400. Semina ya kwanza tuko 11 tumezunguka meza, profesa anakuita jina utadhani mlikua mtaa mmoja. Wiki tatu sikufungua mdomo. Si nyumbani tumefundwa mkubwa akiongea unasikiliza? Profesa akaniita ofisini, akafunga mlango taratibu, akaniuliza kama nimefiwa. Kumbe alama 20 kati ya 100 ni za kuongea tu!

Haya, nyie mlionaje?

Zuwena_OH
Mimi walinipeleka kwa mshauri nasaha kabisa. Kisa ukimya.

Kamau wa Lowell
Mnacheka, mimi nilililia krediti, vile vipimo vya kozi ulizomaliza. Nilienda na 64, wakapokea 41. Hesabu za maandalizi, nje. Uchapaji, nje. Kozi ya "mbinu za kufaulu chuoni", nje, na hiyo ndiyo niliyopata A ya kishindo. Halafu unakuta sharti kwamba nusu ya krediti za digrii lazima uzisomee palepale kwao, kwa hiyo hata ungekuja na 90 hazikusaidii.

Na GPA, wastani wa alama zako, haihami. Krediti zinahama, alama zinabaki. Ile 3.9 niliyoikeshea miaka miwili niliiacha kule kama viatu mlangoni, nikaanza na sifuri pamoja na watoto wa miaka 19.

Ushauri: tunzeni silabasi ya kila kozi, hata ile ya yoga. Mimi krediti sita nilizirudisha kwa kumwonyesha mkuu wa idara silabasi ya takwimu, ukurasa kwa ukurasa.

Ndugu Mtata
Samahani wakuu, swali la kizushi. Sanaa huria ndiyo nini? Kuchora? Mtu unaacha komyuniti koleji yenye uuguzi wa miaka miwili, unaenda kulipa dola elfu sitini kujadili mashairi porini?

Zuwena_OH
@Ndugu Mtata kemia nayo ni mashairi? Sanaa huria ni elimu pana, siyo kuchora: vyuo hivyo vina biolojia, fizikia, uchumi, hesabu. Wangari Maathai alisoma biolojia kwenye chuo kidogo cha masista, Atchison, Kansas, akamaliza 1964. Nenda kamwambie alikuwa anachora.

Ndugu Mtata
Maathai alipanda ndege za kina Tom Mboya zilizopeleka wanafunzi Marekani, fedha ya familia ya Kennedy ikiwa nyuma. Wewe nyuma yako nani?

Kamau wa Lowell
Bei ya kwenye tovuti siyo unayolipa, Mtata. Mimi nilikuwa na grini kadi, kibali cha ukaazi, nikajaza FAFSA, fomu ya serikali ya kuomba msaada wa masomo, ruzuku ya Pell ikatoka, chuo chenyewe kikaweka msaada juu yake. Nililipa pungufu ya chuo kikuu cha jimbo. Shida ni wenye F-1, viza ya mwanafunzi: FAFSA haiwahusu, na vyuo vingi fungu la wageni wanaohamia ni dogo mno.

Mwana_Kisauni
F-1 mmenigusa. Nilikuwa nasoma tu nipite, lakini wacha niseme.

Nilikuwa Houston, mfadhili wangu ami, ndugu yake baba. Sharti lake moja: uuguzi. Mimi mwaka wa pili nikachukua kozi ya sosholojia kujaza krediti, nikapotea hapo hapo. Nikaomba chuo kidogo Ohio, nikakubaliwa. Ami nikamwambia uuguzi upo. Haukuwepo.

Sasa wasiojua: mwenye F-1 hahami kwa miguu tu. Rekodi yako ya SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, inaachiliwa na chuo cha zamani kwa tarehe mliyokubaliana. Kabla ya siku hiyo wanaweza kusimamisha, ikishapita uko mikononi mwa chuo kipya. Na chuo kipya hakikutolei I-20, ile hati ya kukuruhusu kusoma kwao, mpaka kione fedha ya mwaka mmoja. Fedha hiyo ilikuwa barua ya ami na taarifa yake ya benki.

Ijumaa, rekodi inaachiliwa Jumatatu. Saa tisa alasiri ami akapiga. Hakusalimia. "Nimeisoma tovuti yote ya hicho chuo. Neno uuguzi halimo." Akasema barua ameshaifuta, na chuo ameshakiandikia.

Wallahi miguu ilikata. Jumatatu rekodi ikienda sina fedha kule, na huku sipo tena. Nikatoka na kandambili hadi ofisi ya wanafunzi wa kigeni, nakuta imefungwa

Naingia kazini, nikitoka namalizia.

Mzee wa Maboksi
Hapana jamani!

Zuwena_OH
Dada usituache mlangoni.

Ndugu Mtata
Nimevuta kiti. Na kwa mara ya kwanza niko upande wa ami.

Tumbiri
Wakati tunasubiri: mimi sikujua kwamba bweni linafungwa likizo ya Desemba. Komyuniti koleji nilikuwa kwa shangazi, nitajuaje? Nilijificha chumbani siku nne nakula mikate ya jemu, taa nimezima. Siku ya tano mlinzi akaingia kukagua mabomba, tukapiga kelele wote wawili.

Mwana_Kisauni
Nimerudi. Nilimkuta mshauri wa wanafunzi wa kigeni kwenye maegesho anarudisha gari nyuma. Nikagonga kioo. Yule mama alinitazama, akatazama kandambili, akazima gari. Tukapanda juu, akawasha kompyuta, akasogeza tarehe mbele wiki mbili. Dakika tano tu.

Zile wiki mbili sikulala. Nikawaandikia Ohio ukweli wote, wakaongeza kidogo. Mama akafungua kundi la WhatsApp la ukoo, michango ikaanza, mpaka watu wa Muscat wakatuma. Ami yumo kwenye kundi, anasoma, hajibu. Fedha ilitimia siku mbili kabla ya ile tarehe mpya, rekodi ikaachiliwa, I-20 ikatoka.

Tumbiri
Hii filamu. Ofisi imefungwa halafu mshauri yupo maegesho?

Mwana_Kisauni
@Tumbiri wewe uliyeishi gizani siku nne kwa mkate, ndiye unanibishia?

Mzee wa Maboksi
Funzo: mfadhili umwambie mapema.

Kamau wa Lowell
Au usimwambie kabisa mpaka I-20 iwe mkononi. Na amana ya kushikia nafasi usilipe kabla hawajakupa hesabu ya krediti kwa maandishi.

Zuwena_OH
Mimi nilisubiri hayo maandishi, nafasi yangu ya bweni ikaenda. Lipa tu.

Fresha_2
Samahani wakuu, mimi niko F-1, naruhusiwa kuacha kozi moja nibaki na krediti tisa?

Kamau wa Lowell
USIACHE. Kumi na mbili ndiyo chini kabisa. Ona mshauri kwanza, leo hii, ukibidi na kandambili.

Mama Neema
Wanangu mlioko vyuo vya Iowa, Desemba msijifungie. Des Moines nyumba ipo, sembe ipo, dagaa wapo. Mje na shuka zenu, mwaka jana walikuja saba na shuka mbili.

Ndugu Mtata
Mwana_Kisauni, hujasema. Ami mliongea?

Mwana_Kisauni
Alikuja mahafali, kakaa safu ya mbele na kanzu yake. Nikashuka na cheti, akakisoma juu mpaka chini, akanirudishia. "Sasa hii, mtu akiwa na homa, unamwekea wapi?"