Yungiyungi kwenye pipa: la samawati au jeupe?

Mkaa_Tegeta: Wadau, nina pipa la lita 200, nataka nilikate nipande yungiyungi. Nafasi ni ya moja tu. Lipi litafaa kwa joto la Dar? Na mbu je?

BibiShamba: Yote mawili ni ya kwetu, joto hayalijali. Tofauti ni saa. La samawati, Nymphaea nouchali, hufunguka asubuhi jua likishakolea na kujifunga alasiri. Jeupe, Nymphaea lotus, hufunguka magharibi, likabaki wazi hadi asubuhi. Kama unatoka alfajiri na kurudi jioni, la samawati utalikuta limefumba kila siku. Ukiuziwa mche usio na ua, tazama jani: la jeupe lina meno makali ukingoni.

Fundi_Vidimbwi: Saa ni kweli, ila kwa nusu pipa mimi nasimama na la samawati. Jani la jeupe hufika hata nusu mita, na pipa lenyewe upana wake ndio huohuo!
Lolote utakalochukua, usimwage udongo pipani. Panda kwenye karai dogo lenye mfinyanzi mzito, bila samadi, maana samadi huozesha maji yakawa kijani. Kiazi kizike, ncha ya chipukizi ibaki juu, kisha tandaza kokoto. Mwanzoni pandisha karai juu ya matofali ili majani machanga yafike juu ya maji. Vikonyo vikirefuka, punguza tofali mojamoja.

Mama_wa_Tanga: Mbu dawa yake gapi, wale samaki wadogo wa mapambo. Wachache tu wanamaliza viluwiluwi. Perege hapana, wakikua wanachimbua udongo. Kama kuna watoto wadogo, funika pipa kwa wavu wa chuma.

Mkaa_Tegeta: Muuza miche ana lingine la zambarau, linaelea lenyewe, bei poa.

BibiShamba: Hilo ni gugu maji, liache hukohuko! Limetoka Amerika ya Kusini, na ndilo lililoziba fukwe za Ziwa Victoria miaka ya 1990. Mvua ikifurisha pipa, kipande kimoja kikifika mtoni kinatosha kuzaa mengine.

Mkaa_Tegeta: Nimeelewa. Narudi nyumbani usiku, kwa hiyo nachukua jeupe.

Fundi_Vidimbwi: Sawa mkuu. Basi majani yaliyozeeka yakate chini kabisa, karibu na kiazi, na pipa liweke panapopata jua kwa muda wa saa sita au zaidi kwa siku. Kivulini utapata majani matupu.