MJADALA: Meza ya sanamu ndogo Mbeya iwe moja kwa wote, au kila mtindo ukae kwao?

Wakuu, heshima kwenu. Naleta hoja hii hapa kwa sababu imeanza kutugawa sisi watengenezaji wa sanamu ndogo wa Mbeya, Iringa na Njombe, na sitaki tuje kutengana kimyakimya bila kuambiana ukweli.

Kwa asiyetufahamu: tupo watu ambao muda wetu wa mapumziko unaishia kwenye kufinyanga, kuchonga na kupaka rangi sanamu za watu na viumbe, nyingi hazizidi urefu wa kidole. Wengine hununua zilizotengenezwa nje kwa plastiki au rezini, kazi yao ni kuziunganisha na kuzipaka. Wengine huanza na waya na gundi ya epoksi ya duka la vifaa vya ujenzi. Wengine ni udongo mtupu. Yupo anayefanya askari wa vita vya zamani, yupo wa majoka na majitu, wapo vijana wa katuni za Kijapani, na wapo wanaofinyanga ng'ombe na akina mama wenye ndoo kichwani.

Sasa, wenzetu kadhaa wamependekeza kwamba tukitoka kuonyesha kazi hadharani, zipokelewe sanamu za historia na za utamaduni wetu tu. Majoka, roboti na katuni zibaki nyumbani kwa wenyewe. Wanasema mambo matatu: kwamba hayo ni ya kigeni, kwamba yanashusha kiwango, na kwamba huwezi kumpa mwamuzi joka na ng'ombe kwa wakati mmoja ukategemea haki.

Mimi napinga, na mnaonifahamu mnajua kwamba sanamu zangu ni za historia. Sijitetei mwenyewe hapa.

Hili la ugeni linaniumiza zaidi kwa sababu linasahau tulikotoka. Chukua vinyago vya Wamakonde, ambavyo leo hakuna Mtanzania anayebisha kuwa ni utamaduni wetu. Mtindo wa shetani, wenye viumbe vya jicho moja, viungo vilivyopinda na matumbo yaliyotobolewa, ulianza miaka ya 1950, na anayetajwa zaidi kuwa mwanzilishi wake ni Samaki Likankoa. Wakati unaanza ulikuwa mpya kabisa. Pembeni yake ukakua mtindo wa ujamaa, ule wa watu waliopandiana kwenye gogo moja, unaohusishwa na Yakobo Sangwani. Mti ni uleule mpingo, ila mitindo hiyo miwili haina kipimo kimoja. Kinyago cha ujamaa kinakudai maungo ya mtu yakae sawa, mkono utoke begani kweli. Kinyago cha shetani hakikudai hivyo, kinakudai uthubutu na mstari usiokatika. Angetokea mtu wakati ule akasema "hiki si chetu, kitolewe mezani", tungekosa kitu ambacho leo tunajivunia nacho duniani. Halafu majoka na mazimwi yamekuwa ya kigeni tangu lini? Nani kati yetu amekua bila kusimuliwa zimwi? Nenda Poroto, waulize wazee habari za ziwa Ngosi.

Kwenye kiwango ndiko nataka tukae kidogo, maana hapo ndipo watu wanachanganya kipaji na ladha.

Sanamu ya milimita 54, saizi iliyozoeleka sana kwenye sanamu za askari tangu William Britain wa Uingereza alipoanza kutoa zake za madini ya risasi zenye uwazi ndani mwaka 1893, ina uso mdogo kuliko punje ya hindi. Mwanga wa dirishani hauwezi kutengeneza kivuli cha maana chini ya pua yake. Kwa hiyo mpakaji lazima akipake kivuli mwenyewe, na aupake mwanga pia. Swali ni kiasi gani. Kuna wanaopaka kidogo, ili mtu aonekane kama ulivyomwona stendi ya Kabwe saa nne asubuhi. Kuna wanaosukuma giza na mwanga mpaka uso unawaka kama jukwaani. Hizo ni ladha, na nimeona kazi bora kwa pande zote. Ila mstari wa kalibu, ile alama inayobaki pale vipande vya kalibu vilipokutana, ulioachwa shingoni bila kusuguliwa, rangi nzito iliyoziba kope, mguu usiobeba uzito wa mwili, hayo hayana cha ladha, ni kazi haijaisha. Na hayachagui mtindo. Nimeyaona kwenye majoka, na nimeyaona kwenye askari waliofanyiwa utafiti mpaka kifungo cha mwisho.

Niwape mfano wa ngozi yetu wenyewe. Maelekezo mengi ya kupaka nyuso yaliandikwa kwa ngozi nyeupe: weka rangi ya msingi, kisha ongeza nyeupe kwenye paji, pua na mashavu. Fanya hivyo kwa Mhehe au Msafwa uone, uso unapauka na kuwa wa kijivu. Tulihangaika na hilo sisi wa historia kwa muda mrefu. Aliyetutoa ni kijana anayepaka majitu ya kijani, huyuhuyu anayetakiwa abaki nyumbani. Kwa kuwa amezoea ngozi zisizokuwepo duniani, amejifunza kuangalia rangi yenyewe badala ya kufuata maelekezo. Akatuonyesha: usipandishe kwa nyeupe, pandisha kwa hudhurungi yenye uchungwa, kisha njano ya udongo kidogo, halafu nukta ndogo sana yenye ubuluu pale ngozi inapong'aa, juu ya paji na kwenye mfupa wa shavu. Kivulini usitie nyeusi, tia zambarau iliyokolea. Nikatazama sanamu yangu ya mzee wa Kihehe baada ya hapo, ikawa kama imevuta pumzi. Mtu wa namna hiyo tunamfukuza kwa lipi?

Hilo la waamuzi, wenzetu wa nje walishakutana nalo. Ipo mikutano inayotoa wa kwanza, wa pili na wa tatu, na hapo kweli joka linapambanishwa na ng'ombe. Ila upo pia mfumo wa wazi, unaotumiwa kwa mfano na Military Miniature Society of Illinois kwenye maonyesho yao ya Chicago: kila kazi inapimwa kwa kiwango chake, haishindanishwi na jirani yake. Ikifikia dhahabu inapewa dhahabu, hata kama tayari zimetoka nyingine kumi.

Pendekezo langu: meza iwe moja. Kila kazi iwekewe kadi, mtengenezaji aandike alikuwa anatafuta nini na ametumia vifaa gani. Maoni yote yaanzie kwenye kadi hiyo. Mtu akiandika "nataka uso wa ajabu, si wa kweli", usimwambie uso si wa kweli. Mwambie kama ajabu hiyo imefika au haijafika.

Na kukaribishana nisieleweke kuwa ni kusifiana. Kuandika "umetisha mkuu" chini ya kila picha ni kumtelekeza mwenzako. Anayeanza anahitaji kuambiwa wapi rangi ilikuwa nzito na aizimue vipi.

Naomba kuwasilisha. Karibuni tubishane.

Mwenyeji wa Kalenga:
Kamwene mkuu. Nimesoma yote, na la ngozi nimelibeba. Ila mimi ni miongoni mwa waliotoa pendekezo, na sijaona ukijibu linalotusumbua.

Sisi huku Lugalo si hadithi. Tarehe 17 Agosti 1891 watu wa Mkwawa walikisambaratisha kikosi cha Zelewski, kamanda wa Wajerumani, naye akafia palepale. Fuvu la Mkwawa limerudi mwaka 1954 na lipo hapa Kalenga, wajukuu wanakuja kulitazama. Sasa naletewa sanamu ya Lugalo, askari wa Mjerumani kashika bunduki ya Mauser ya modeli ya 1898, miaka saba kabla haijakuwepo, na shujaa wa Kihehe kavalishwa manyoya yaliyotolewa kwenye filamu ya Wazulu. Nikiuliza naambiwa "ni mtindo wangu". Hapana mkuu. Wale ni babu zetu. Mtoto wa shule akipita, upande huu kuna joka, upande huu kuna Lugalo, yote yamepakwa vizuri, atajuaje lipi lilitokea? Sina ugomvi na joka. Nataka meza mbili.

Mzazi wa Mafiati:
Mimi sitengenezi, mwanangu ndiye anatengeneza. Naunga mkono meza moja, kwa sababu kijana wangu alijifunza kutulia na kumaliza jambo kupitia hivi vitu. Ombi langu ni kwa yale ya damu na uchi. Sisi wengine tunakuja na wadogo zao, na tuna imani zetu. Muwe mnatuambia mapema.

Mleta mada:
Mzazi, ombi lako ni la haki na halihusiani na mtindo. Sanamu ya vita vya kweli inaweza kuwa na damu kuliko joka. Hizo ziwekwe sehemu ya juu, na kuwe na tangazo mtu anapoingia.

Mwenyeji wa Kalenga, kamwene. Kuhusu bunduki sikubishii hata kidogo. Anayeandika "Lugalo, 1891" kwenye kadi yake ameingia mkataba na waliokufa pale, na mtindo haumfuti. Angeandika "shujaa wa kufikirika" tungempima kwa fikra zake. Kwa hiyo nakubali kuongeza: kazi yoyote inayotaja tukio au mtu wa kweli, kadi iseme mtengenezaji amepata wapi mavazi na silaha, na ni sehemu gani amekisia. Huyo wa Mauser ya 1898 angelazimika kutafuta kabla ya kupaka, na akishindwa, hiyo kazi haipiti kama ya historia.

Ila meza mbili nakataa. Mtoto wa shule akikuta meza ya historia peke yake atakwenda kwenye ile ya majoka, tunawajua. Zikikaa pamoja, atalifuata joka na macho yake yataangukia Lugalo, na wewe utakuwa umesimama hapohapo kumweleza.

Mama wa udongo, Tukuyu:
Ndaga fijo kwa mjadala. Naona mnabishana historia na majoka, sisi wa udongo mmetutaja tu mkapita.

Mimi nafinyanga ng'ombe na watu kwa udongo wa bondeni, sipaki rangi. Nilishawahi kupeleka kazi kwenye maonyesho fulani, waamuzi wakasimama kwenye sanamu za rezini na miwani yao ya kukuza, wakaangalia rangi ilivyoungana, kwangu wakasema "nzuri mama" wakaenda. Hakuna aliyemgeuza yule ng'ombe kuona tumboni. Angemgeuza angeona ukuta wa udongo una unene uleule kutoka mgongoni mpaka kwato, na kwamba pembe hazikupasuka. Kukausha pembe nyembamba mwezi wa 7, na upepo wa huku, bila kupasuka, ni kazi. Unafunika pembe kwa nailoni yenye unyevu, mwili unaacha wazi, unangoja mwili uifikie pembe, ndipo unafunua vyote. Akina mama wa Kikisi kule Ikombe wanafinyanga chungu kwa mkono tu, na ukikigonga unasikia kama ni kizima. Nani kati ya waamuzi wenu anajua kugonga?

Mfumo wenu wa wazi ni mzuri kwa maneno. Lakini kama anayepima anajua rangi peke yake, basi kiwango ni cha rangi, na rangi ni pesa. Kichupa kimoja kinachoagizwa nje ni hela ya udongo wa mwaka mzima, ambao mimi nachimba bure.

Mleta mada:
Shikamoo mama. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote zilizoandikwa hapa, na kadi peke yake haiitatui. Kama mwamuzi hajui kuisoma kazi, kukaribisha kwetu kunaishia mlangoni. Napendekeza waamuzi wawe watatu: mmoja wa rangi, mmoja wa historia, mmoja wa udongo na uchongaji. Na sharti liwe kwamba kazi inashikwa, inageuzwa na kutazamwa chini kabla ya neno lolote kusemwa. Mwenyewe awepo aeleze alivyofanya.

Mwenyeji wa Kalenga:
Kwa waamuzi watatu na kadi ya chanzo, naondoa meza ya pili. Ila huyo wa historia asitoke Mbeya peke yake, Iringa tuwe na mtu pia.

Mama wa udongo, Tukuyu:
Marahaba mwanangu. Na kwa wasiojua kuandika vizuri, hasa watoto wanaofinyanga ng'ombe za udongo, mtu akae nao awaandikie kadi kwa maneno yao, asiwabadilishie. Mimi naweza kukaa hapo asubuhi.