Tupeane uzoefu: ushabiki wa Linux na BSD, mifumo ya kuendesha kompyuta, umeshakukosanisha na nani?

Mkaa Baraza:
Jana baada ya Isha tulikuwa barazani Mji wa Kale, watu wanne, leptopu mbili, kahawa chungu na kashata. Mwenye Ubuntu, ambayo ni Linux, akasema FreeBSD, ya ukoo wa BSD, ipelekwe makumbusho. Mwenzake wa FreeBSD akamjibu: "Nyinyi mna keneli tu, kile kiini cha mfumo, vilivyobaki mmeazima kwa majirani." Basi. Kahawa ikapoa, marafiki wa tangu chuoni wakaondoka bila kuagana.

Kwa wasiojua: Linux na FreeBSD zote mbili ni za bure na msimbo wake uko wazi. FreeBSD inatoka kwenye ukoo wa Unix, mfumo wa kompyuta wa zamani, ile ya Chuo Kikuu cha Berkeley, keneli na zana zake za msingi hutunzwa pamoja. Linux ni keneli aliyoianza Linus Torvalds mwaka 1991, wengine wakaivika nguo, yaani programu za kuikamilisha: Debian, Fedora, Ubuntu. Mimi ni Debian na sijifichi. Nataka visa, mahubiri tumeyasikia.

Mtu wa Kisauni:
Ubuntu ilinijia kwa posta. Kabla nyaya za intaneti za baharini za SEACOM na TEAMS hazijatua hapa Mombasa 2009, kupakua megabaiti 700 saiba ilikuwa kujitia umaskini. Ubuntu wakituma diski bure, na waliendelea hadi 2011. Bahasha ilipofika kwenye sanduku la mjomba nilijiona balozi. Aliyeniambia anatumia mfumo mwingine nilimhesabu kama amenitukania mama. Na wallahi, FreeBSD sikuwa nimeiona hata kwa picha.

Dada wa Seva:
Nilibandika kile kishetani chekundu cha BSD, chenye pembe na uma, kwenye kifuniko cha leptopu. Bibi akakiona. "Mjukuu wangu, huyu ndiye unayemsomea?" Nikamweleza ni dimoni, yaani programu inayofanya kazi chinichini bila kuonekana. "Si ndiyo kazi ya shetani hiyo hiyo?" Akaleta chetezo, akafukiza ubani chumba kizima, na leptopu ndani yake. Siku hizi nimekifunika kwa kibandiko cha waridi. Pembe moja bado yachungulia.

Bunju wa Likoni:
Mimi OpenBSD, ndugu ya FreeBSD. Nembo yetu ni bunju, na ami yangu mvuvi alipoiona kwenye fulana alisema tu, "Huyo haliwi, ana sumu." Nikamwambia ndiyo maana tukamchagua.

Kazini kuna jamaa wa Linux aliyenicheka mwaka mzima kwa sababu wifi ya leptopu yangu haikushika, nikawa natembea na waya mfukoni kama fundi wa stima. Kweli ilikuwa aibu. Siku moja nikamwuliza seva zake anaziingia vipi. "Kwa ssh." Nikamwambia aandike ssh -V, aone ni ssh gani. Ikatoka OpenSSH. "Hiyo imetoka kwetu akina bunju, 1999," nikamwambia. Akasema hiyo ni ya kila mtu. Hakunisalimia hadi Alhamisi.

Fundi Mwembe Tayari:
Wateja wangu wanataka printa ichape. Endeleeni tu.

Yakhe wa Majengo:
Mkaa Baraza, umeiruka kesi. Mwaka 1992 kampuni tanzu ya AT&T, kampuni ya simu ya Marekani iliyobuni Unix, iliwashtaki waliokuwa wakiuza BSD, na Berkeley ikaingizwa humo; ikamalizwa 1994. Muda huo wote watu waliogopa kujenga juu ya BSD, Linux ikapata upenyo. Torvalds mwenyewe alishasema 386BSD, yaani BSD ya kompyuta za kawaida, ingekuwapo wakati ule, huenda Linux isingezaliwa. Niliyaeleza haya kwenye harusi ya binamu yangu, sinia la biriani katikati. Wenzangu wakanawa mikono kabla nyama haijaisha.

Mkaa Baraza:
Kesi nimeikubali, ingawa hata bila kesi Debian ningeipenda.

Wale wawili wa jana: mwenye Ubuntu kanitumia ujumbe sasa hivi. Leptopu imekataa kuwaka, na fleshi yake ya kuokolea iko kwa yule wa FreeBSD. Ati nimwombee. Nimempa namba, apige mwenyewe.