Feni za kuchomoa kwenye pawa saplai mbovu au niagize mpya Dar? Desktopu inachemka

shangani_kwetu
Wakuu habari za jioni. Nina desktopu ya steshenari hapa Mtwara mjini, jua la saa saba likishika inajizima yenyewe, ukigusa kava pembeni la moto. Kuna fundi kaniachia pawa saplai tatu zilizokufa lakini feni zake zinazunguka vizuri tu, nataka nizichomoe nizifunge kwenye kava. Mama watoto anasema tuagize mpya Kariakoo zije na basi tuachane na mambo ya skrepa. Au nitoe kava niielekezee feni ya mezani yaishe. Mnashauri nini? Jibuni fasta kesho wanafunzi wanakuja kuprinti.

Mzee wa Volti
Fasta ya nini na hujasema kitu. Prosesa gani? Tundu la feni saizi gani? Joto digrii ngapi? Kushika kava kwa mkono sio kipimo mkuu, weka Core Temp, ile programu ya kusoma joto la prosesa, utuletee namba.

Kitangari_Juu
Sisi huku Newala mwezi wa saba mashine tunazivisha sweta 😂😂

binti_mtanda
Feni ya mezani. Mimi huku Lindi kava nilishalitoa nikalisukumia uvunguni, feni inapuliza toka asubuhi na mashine haijawahi kuzima. Hizo hela za feni mpya nunua wino.

Mzee wa Volti
Dada inafanya kazi sikatai, ila ukitoa kava hewa inapita juujuu tu, vitu vya kule nyuma havipati kitu, na vumbi lote na chumvi ya bahari vinatua kwenye madabodi. Huyu yupo Shangani bahari iko mlangoni.

binti_mtanda
Kwani kava likiwepo chumvi inabisha hodi? Matundu si yapo? Mjusi mwenyewe anaingia. Hapa kwangu linalooza ni bati, kompyuta nzima.

Ndanda_kwetu
Mkuu kabla hujafunga feni ya kuokota sikia yaliyomkuta mdogo wangu. Ana kibanda Masasi cha kuingiza nyimbo na muvi kwenye simu, mashine ikawa inachemka akaipeleka kwa fundi, fundi akachomoa feni kwenye seva iliyotupwa, feni nene kama tofali, akaichomeka moja kwa moja kwenye pini za madabodi akasema hii ndo kiboko. Kuwasha, kelele mpaka wateja wanauliza jenereta liko wapi, ila joto lilishuka kweli kwa hiyo dogo akavumilia. Kama wiki hivi ikapita ikaanza harufu ya plastiki inaungua, mashine ikazima, kufungua tunakuta ile njia ya shaba inayopeleka umeme kwenye feni imekatika nyeusi tii. Kusoma lebo ya feni imeandikwa 12V 1.6A, wakati pini za feni kwenye madabodi nyingi mwisho wake ampia 1. Tukamrudia fundi eti umeme wa mtaa wenu unacheza. Umeme! Na hela kashakula. Mpaka leo pini za feni zote zimekufa, hata feni ya prosesa imeungwa waya kutoka pawa saplai, na kila akiwasha inaandika kosa la feni haiendelei mpaka abonyeze F1. Kuuza haiuziki, kila mteja anauliza mbona inalalamika.

Mzee wa Volti
Pole yake, ila hapo wa kulaumiwa ni fundi, feni umeionea. Feni za pawa saplai ni 12V na nyingi zinakula ampia 0.1 mpaka 0.3, haziunguzi kitu. Soma lebo basi. Za kuogopa ni zile za fotokopi, nyingi ni 24V, ukiipa 12 inasuasua au haianzi kabisa.

shangani_kwetu
Nimerudi. Prosesa i5 kizazi cha pili, niliinunua mtumba. Core Temp inasoma 72 imekaa tu haifanyi kitu, nikifungua PDF kubwa inagonga 97. Tundu la nyuma nimepima kwa rula skrubu mpaka skrubu sentimita 7 na ushee. Mbele kuna nafasi kubwa tupu.

Mzee wa Volti
Skrubu kwa skrubu milimita 71.5 ni feni ya 80, na pawa saplai za zamani nyingi ndo saizi hiyo hiyo, umepata bure. Mbele kama ni 105 inaingia ya 120. Lakini 72 imekaa tu?? Hapo kava unalisingizia. Pesti ya prosesa, ile ya kupitisha joto, imekauka au mguu mmoja wa hitisinki (lile bati la kupozea juu ya prosesa) umechomoka, zile za Intel za kubonyeza zinaachia sana. Toa vumbi, paka pesti mpya, bonyeza miguu yote minne mpaka isikike ta, halafu ndo tuongelee feni.

Chuno_Tech
Skrepa mimi siziamini. Feni iliyozunguka miaka yote hiyo kwenye pawa saplai bushi yake ishaisha, unatia tone la mafuta ya cherehani inanyamaza mwezi, inaanza kulia tena. Nunua moja mpya ya 120 uiweke mbele ivute, inazunguka polepole na hewa inayopitisha inazishinda hizo ndogo zinazopiga mayowe.

Mikindani_1
Samahani naingilia, feni ya pawa saplai ina waya mbili tu, naichomeka wapi?

Mzee wa Volti
Unga kwenye ile plagi ya Molex ya pini nne inayotoka kwenye pawa saplai nzima ya mashine. Wengi wanaingia chaka hapa: nyekundu ya feni inaenda kwenye NJANO ya plagi, nyeusi kwa nyeusi. Nyekundu ya plagi ni 5V, ukiunga nyekundu kwa nyekundu feni inazunguka kivivu au haiamki, unaitupa ukidhani mbovu. Hewa inatokea upande wenye mikono inayoshika mota, kwa hiyo nyuma ielekee nje. Na kabla ya kufungua pawa saplai chomoa ukutani uiache ikae sana, kapasita ya mle inabeba volti 300 na kitu.

binti_mtanda
Volti 300 kisa feni? Nabaki na ya mezani.

Kitangari_Juu
Pesti huku haipatikani, kuna jamaa anapaka dawa ya meno na mashine inawaka.

Chuno_Tech
Itawaka siku mbili tatu, ikikauka inageuka chokaa unaanza kubandua.

Kitangari_Juu
Jamaa yuko mwezi wa nne sasa.

Chuno_Tech
Newala mtaendesha hata bila hitisinki nyie.

shangani_kwetu
Vumbi lililotoka humu sisemi. Feni moja ya 80 nimefunga nyuma ila pesti sina. Na mama watoto kumbe kashaagiza ya 120, sijui itafika lini. Nani mjini ana pesti?

Chuno_Tech
Nina nusu sindano, pita Chuno jioni. Kama una RAM ya DDR3 ya ziada njoo nayo.

Kitangari_Juu
RAM mimi ninazo mbili za giga 4, naziuza.

binti_mtanda
Za 1333 au 1600? Ukiituma Lindi nauli ya mzigo nani analipa?