Nijisomee kitabu changu mwenyewe ama nimwachie prodyuza? Wadau semeni

Mwandishi wa Dunga (Kisumu)

Wadau hamjambo, hii kitu ya kugeuza kitabu changu kiwe cha kuskiza imeninyima usingizi. Mimi ni mwandishi wa kujichapishia, kitabu changu cha wavuvi wa omena nilikitoa kwa pesa yangu, nakala 500, nikazunguka nazo begi mgongoni kuanzia Kondele hadi Maseno na sasa zimebaki kama themanini. Watu wananiambia hawana muda wa kushika kitabu, wako kwa matatu, wako shambani, wako jikoni, wanataka kuskiza. Nikasema sawa, sauti si ninayo.

Nikanunua maiki ya elfu saba, nikatoa nguo kwa kabati nikaingia mimi, na godoro la mtoto nyuma yangu. Joto la Kisumu mnalijua. Feni huwezi washa, inaskika. Dirisha huwezi fungua. Nilikuwa naanza saa nane usiku, aya ya kwanza jogoo wa jirani, ya pili boda, ya tatu ni tumbo langu lenyewe linanguruma kama mtu anaburuta meza. Usiku mmoja tu ndio ulinyamaza kabisa, nikafurahi, mvua ikaanza, na nyumba yangu ni ya mabati. Wiki tatu nimetoa sura mbili, na hiyo ya pili naianza na sauti ya padre naimaliza na ya mgonjwa wa malaria.

Basi nikatafuta prodyuza mwenye studio. Anasema nimwachie kila kitu, atatafuta msimulizi, atarekodi, atahariri, mimi kazi yangu ni kungoja faili. Elfu kumi kwa kila saa iliyokamilika, yaani saa ya sauti iliyo tayari kuskizwa. Kitabu ni maneno 62,000, nikasoma mahali kwamba saa moja inabeba maneno kama 9,300, hiyo ni karibu saa saba, elfu sabini. Kama sina, hakuna kulipa, tunagawana mauzo nusu kwa nusu. Halafu akasema ile iliyoniuma: ati sauti yangu "ni ya ziwani sana", atatafuta mtu wa Pwani asome Kiswahili safi.

Ni kweli nikichoka "sh" hunitoroka, shamba inakuwa samba, sikatai. Lakini wavuvi wangu wanaongea hivyo! Kwani kuna mvuvi wa Dunga mwenye huongea kama msoma taarifa? Mimi kwa sasa nasema mitambo nimpe, sauti na haki nibaki nazo. Kama nimepotea niambieni.

Fundi wa Masikio (Nakuru)

Hujapotea omera lakini hesabu imekupotea. Hiyo 9,300 ni ya Kiingereza, ni ile ACX, mtandao wa Audible wa kutengeneza vitabu vya sauti, hupigia hesabu. Neno moja la Kiswahili ni sentensi ya mzungu, hebu tamka "hawakunielewesha" uone pumzi imeenda wapi. Mimi nikirekodi Kiswahili napata kama elfu saba kwa saa, kwa hivyo wewe ni karibu saa tisa, weka elfu tisini. Na usione ni wizi. Saa moja iliyokamilika inakula kama saa sita za kazi, msimulizi anakosea anarudia, mhariri anakata, mwingine anaskiza huku anafuata maandishi kwa kidole asije akarukwa na mstari, mwisho unakuja kusawazisha sauti yote. Tisa mara sita ni 54, hapo hujalipia stima.

Halafu kuna viwango. ACX wanataka sauti ya wastani ikae kati ya -23 na -18 desibeli, kilele kisipite -3, na ile kelele ya chumba wakati hakuna anayeongea iwe chini ya -60. Hiyo -60 ndiyo huua watu wa kabati. Godoro linakula mwangwi tu, boda inapita ndani yake kama hakuna kitu. Usiwaze kufungua akaunti huko ACX yenyewe maanake ni ya wakaazi wa Marekani, Uingereza, Kanada na Ayalandi, sisi hupitia wasambazaji wengine, lakini ukitengeneza kwa kipimo hicho hakuna mahali utarudishwa.

Kujisomea sikatazi. Ila jiulize kama unaweza kusoma saa mbili, kesho saa mbili, na sauti ya Ijumaa ifanane na ya Jumatatu. Wasimulizi huingia na tufaha la kijani wanatafuna kidogo kidogo ndio mate yasilie kwa maiki. Watu hudhani ni kusoma tu.

Omusakhulu Mwalimu (Kakamega)

Nimefundisha Kiswahili miaka 27 na mimi niko na huyo prodyuza. Huku kwetu mtoto anaandika "papa" akimaanisha baba na akisahihishwa anashangaa. Kitabu kikisomwa samba samba huyo mtoto ataskia wapi lugha yenyewe? Na maana inapotea, mwandishi, si urembo tu. Mvuvi wako "aliposhuka mtumbwini" ukisoma wewe si atakuwa amesuka mtumbwini? Amesuka nini, nywele?

Mwandishi wa Dunga

Hahaha hiyo ya kusuka mtumbwini umenipata mwalimu, nimecheka hadi wateja wameniangalia. Lakini nijibu hii, huyo mtu wako wa Pwani jina Achieng' atalisoma vipi?

Omusakhulu Mwalimu

Atafundishwa.

Mwandishi wa Dunga

Na nani?

Mama Hadithi (Mamboleo)

Nyinyi mnabishana lafudhi na mimi nataka kulia. Kaka mwandishi, ile ya nusu kwa nusu USIGUSE kabla hujaskia yangu. Nilikuwa na hadithi za watoto kumi na mbili, nikakubaliana na mtu mmoja mwenye studio, jina nitaliacha, hakuna karatasi, tulishikana mkono tu na soda juu. Akarekodi, na niseme ukweli alirekodi vizuri. Mwaka uliofuata shule moja ikaniomba hizo hadithi kwa flashi, nikamwambia anipe faili, akasema rekodi ni yake. Nikadhani ni mzaha. Kuenda kwa wakili, wakili ananisomea Sheria ya Hakimiliki ya 2001: rekodi ya sauti ni kazi inayojisimamia, mbali na kitabu, na mwenyewe ni yule aliyefanya mipango ya kuitengeneza. Nani alifanya mipango? Yeye. Inalindwa miaka 50! Mimi nitakuwa nimezikwa. Yeye naye hawezi kuiuza bila ruhusa yangu kwa sababu maneno ni yangu, kwa hivyo tumekaa hivyo, kama watu wawili wameshika ng'ombe mmoja pembe na mkia na hakuna anayekamua.

Hiyo sheria inasema haki ikihamishwa lazima iwe kwa maandishi na sahihi. Kwa hivyo kabla hata mtu hajawasha maiki, andika kwamba ukimaliza kulipa rekodi ni yako, na upewe zile faili kubwa za WAV ambazo sauti haijabanwa, usikubali mp3 peke yake. Na kama ni kugawana, muda uandikwe. Hata kule ACX ukichukua njia ya kugawana unafungwa miaka saba. Afadhali ukope chama ulipe tisini.

Fundi wa Masikio

Pole dada. Lakini semeni na upande wetu pia. Mtu analeta kitabu hana hata mia, mimi natoa saa 54 na msimulizi wangu anataka kula, halafu kikikosa kuuza hasara ni yangu peke yangu. Nikishika rekodi nashika kitu gani kingine?

Mama Hadithi

Shika, lakini niambie kabla sijanywa hiyo soda.

Kijana wa Kibos

Hii yote ya nini watu wangu, kuna programu za kusoma kwa sauti ya mashine, unaweka maandishi usiku asubuhi kitabu kiko tayari. Google na Apple wenyewe wako na hizo sauti.

Mwandishi wa Dunga

Nilijaribu moja ya bure. Nikaiandikia "alipita barabara ile akanijibu barabara". Zote mbili ikazisoma njia ya lami. Na nanga ya mtumbwi ikaisoma kama ng'ombe imeingia ndani, nang'a. Asante.

Naskia Tu (Nyalenda)

Mimi sioni tangu nikiwa mtoto, simu hunisomea kila kitu pamoja na huu ubishi wenu, kwa hivyo mashine naijua kuliko huyo kijana. Kwa taarifa na ujumbe inatosha. Kwa hadithi inachosha, mtu akifa na mtu akinunua sukari ni sauti moja. Mjue pia Kenya iliingia Mkataba wa Marrakesh mwaka 2017, mashirika yanayotuhudumia yanaweza kututengenezea nakala za kuskiza bila kumpigia magoti mwandishi, lakini nakala hiyo ni ya sisi tusioona, haitaingia kwa matatu yenu.

Sasa lafudhi. Hainisumbui hata kidogo. Kuna mzee huku husoma historia ya marehemu kwa matanga, hana "sh" hata moja, na akianza kusoma hata watoto wananyamaza. Lakini mzee ANASKIKA. Mimi nikitembea huweka sikio moja tu, lile lingine naliachia magari na mitaro. Sauti ikishuka naongeza, ikipanda ghafla narukia barabarani. Mwandishi nimeskiza kile kipande ulituma kwa grupu mwezi jana. Sauti yako naipenda, na sura ya pili nilizima dakika ya nne. Unaingia na kutoka kama redio ya betri mbovu. Samahani.

Mwandishi wa Dunga

Hapana usiombe samahani, nilikuwa nahitaji mtu aniambie hivyo na bibi yangu amekataa.

(Nimerudi baada ya wiki mbili, nilisema nitarudi.)

Nimempa prodyuza kazi. Pesa nimekopa kwa chama, nusu nimetuma kwa M-Pesa, nusu nikipokea faili. Karatasi tumeweka sahihi, rekodi yangu, WAV zangu, na hapo kwa WAV alikunja uso kidogo lakini akaandika. Mwalimu utafurahi, msimulizi ni dada wa Pwani. Nilipigania niwe mimi nisome angalau maneno ya wavuvi, tukajaribu nusu saa studio, sauti mbili ndani ya sentensi moja zikawa kama kondakta na abiria wanagombania chenji. Nikaacha. Lakini sijaacha kabisa, nimepewa kazi ingine: nimemrekodia majina yote 43 kwa WhatsApp, moja moja polepole, Achieng', Nyang'oma, Usenge, na yeye ananirudishia akisoma hadi iingie. Achieng' ilichukua siku mbili. Alikuwa anaibandika "i" mwisho, Achiengi, nikamwambia ishike hiyo ng' kwa pua uiache hapo hapo.

Sasa jana usiku saa nne ananipigia. Amefika sura ya tisa, mtumbwi umerudi na taa haina mwenyewe, na mama ya kijana anatoka kwa mlango anapiga nduru. Kwa kitabu nimeandika tu "Uwi!" herufi tatu. Ananiuliza kaka hii inasomwa vipi, inaanzia juu ama chini? Nikamwambia simu si mahali pa kupiga hiyo kitu usiku. Akasema kesho asubuhi yuko kwa maiki. Basi nikaipiga. Akasema ya pili haijamwingia, nikapiga tena, hiyo ya tatu ilitoka mahali sijui.

Bibi yangu alitoka jikoni mbio na mwiko mkononi, "ni nani? ni nani amekufa?" na kabla sijamjibu jirani wa mbele ameshafika mlangoni na tochi.