Uwiano wa 3:5 pale jumla isipotajwa

Mzazi, Kisumu
Walimu na wazazi wenzangu, hamjambo. Binti yangu wa gredi ya sita hugawa vizuri kwa uwiano anapopewa jumla, lakini jana swali hili lilimshinda: “Akinyi na Wafula waligawana mahindi kwa uwiano wa 3:5. Wafula alipata gorogoro 12 zaidi ya Akinyi. Kila mmoja alipata gorogoro ngapi?” Alijumlisha 3 na 5, akagawanya 12 kwa 8, akapata 4.5 na 7.5. Nilijua amekosea, ila nilishindwa kumweleza kosa liko wapi, na nisingependa akariri njia asiyoielewa.

Mwalimu, Kakamega
Mzazi mwenzangu, kosa halimo katika kugawanya bali katika kusoma: amechukua 12 kuwa jumla, ilhali ni tofauti. Achore visanduku 3 vya Akinyi na chini yake 5 vya Wafula, vyote vya ukubwa mmoja, kisha aonyeshe kwa kidole zile gorogoro 12 ziko wapi. Ataona zimo katika visanduku 2 vilivyozidi. Kwa hiyo kila kisanduku kina gorogoro 6, Akinyi ana 18 na Wafula 30. Asianze kukokotoa kabla ya kujiuliza: nambari niliyopewa ni ya mafungu mangapi? Tena azoee kuhakiki, maana 7.5 ukitoa 4.5 hubaki 3, wala si 12.

Fundi wa ujenzi, Nakuru
Naunga mkono. Sisi huchanganya zege kwa 1:2:4, yaani saruji, mchanga na kokoto. Nikiwa na karai 6 za mchanga, hizo si jumla wala tofauti. Ni mafungu 2 ya mchanga peke yake, hivyo fungu moja ni karai 3, na nitahitaji saruji karai 3 na kokoto karai 12. Msaidizi mgeni aliwahi kugawanya hizo 6 kwa 7, nikamzuia kabla maji hayajamwagwa.

Mzazi, Kisumu
Asanteni sana. Tulitumia vizibo vya soda badala ya kuchora, naye akalipata jibu mwenyewe. Limebaki moja: swali likiuliza uwiano wa Wafula kwa Akinyi, bado anaandika 3:5.

Mwalimu, Kakamega
Hapo aandike majina kwanza, kwa mpangilio uleule wa swali, ndipo aweke nambari chini ya kila jina. Atapata 5:3, ambao ni uwiano mwingine hata kama mahindi ni yaleyale.