Tupeane uzoefu: Uliwahi kwenda kuangalia ngumi au MMA (ngumi, mateke na mieleka kwa pamoja) laivu? Ilikuwaje?

Kijana wa Mkolani

Habari zenu wadau wa Kanda ya Ziwa na kwingineko.

Wengi wetu mapenzi ya mapigano tumeyapatia kwenye vibanda umiza. Unaamka saa kumi na moja alfajiri Jumapili kwa sababu Marekani bado ni Jumamosi usiku, unatoa hela yako mlangoni, unabanana kwenye benchi. Alfajiri ya Machi 28, 2021, Francis Ngannou anamlaza Stipe Miocic raundi ya pili kule Las Vegas, mimi nilikuwa kibandani Mkuyuni. Benchi tulilokalia lilivunjika kwa shangwe na hakuna aliyejali. Mtu aliyechimba mchanga Cameroon akiwa mtoto, siku ile akawa bingwa wa uzito wa juu! Baada ya siku ile nikawa najiona naujua mchezo.

Halafu nikaenda kuangalia laivu, nikakuta sikuwa naujua.

Mara ya kwanza ilikuwa ngumi za kulipwa hapa hapa Mwanza, ukumbi siutaji. Ya pili ndiyo iliyonifanya nifungue uzi huu. Oktoba 2025 PFL, shirika la Marekani la mapambano ya MMA, walileta mapambano yao ya Afrika BK Arena, Kigali. Nilijiuliza mara moja tu: kutoka hapa mpaka Kigali si karibu kuliko Dar? Nikaanza kuweka hela.

Ukumbi ule unachukua watu kama 10,000. Katikati kuna kizimba. Huku kwetu ukisema kizimba mtu anawaza sato wa kufugwa ziwani, na kwa kweli ukikiona kwa mbali unakumbuka vile vizimba: nyavu pande zote, taa juu, viumbe wawili ndani wanazunguka.

Kitu kilichonishika kwanza ni sauti. Kwenye televisheni watangazaji wanaongea muda wote, huisikii. Teke la paja likiingia sawasawa linatoa mlio wa mama anayepiga nguo mbichi kwenye jiwe pale ziwani. Paa! Unasikia kwanza, ndipo unaona mguu umebadilika rangi. Glovu za MMA ni aunsi 4 tu, wakati bondia wa kulipwa anavaa aunsi 8 au 10, kwa hiyo hata ngumi inalia tofauti, inalia kavu.

Cha pili ni kwamba hakuna kuhesabiwa. Kwenye ngumi mtu akianguka refa anamsogeza mwenzake kona ya mbali, anahesabu, na wewe shabiki unapata muda wa kupumua. Kwenye MMA mtu akienda chini kazi ndiyo inaanza. Wakiwa chini, kama umekaa mbali huoni kitu zaidi ya migongo, unabaki kutegemea skrini kubwa. Mimi nilikuwa juu, lakini kwa bahati nzuri wawili waliangukia upande wetu. Mmoja alimpita mwenzake mgongoni akamtia kabali. Yule aliyekabwa alikuwa ameushika ule mkono kwa mikono yake miwili. Nikaona vidole vinaachia, kimoja baada ya kingine. Halafu akagonga kuashiria amekubali kushindwa, mara tatu, taratibu, kama mtu anayebisha hodi nyumba yenye mgonjwa. Refa alikuwa ameshapiga magoti pale pale. Ukumbi ulilipuka baadaye kidogo, maana wengi hawakuwa wameona.

Kwangu hicho kidole cha mwisho kuachia ndiyo MMA. Kamera isingenionesha, ilikuwa upande wa pili.

Haya wakuu, karibuni. Ulienda wapi, uliona nini ambacho kibandani hukukiona? Ngumi, kickboxing, mieleka, vyote ruksa.

Mvuvi wa Ukara

Mkuu umenikumbusha mbali. Mimi ni mtu wa dagaa. Wasiojua kazi yetu: dagaa tunavua usiku kwa taa, kwenye giza. Mbalamwezi ikiwa kali taa zetu hazifui dafu, dagaa hawakusanyiki, tunapandisha mitumbwi na kupumzika siku kadhaa. Kwa hiyo pambano likitangazwa Mwanza, mimi siulizi nani anapigana na nani. Nauliza mwezi utakuwaje.

Mara nne zimeangukia mbalamwezi. Napanda meli Nansio, masaa matatu na zaidi majini, nafikia kwa shemeji Kirumba.

Ninalolikumbuka zaidi ni pambano la nje, ulingo umefungwa uwanjani. Taa zilipowaka wakaja wale wadudu wadogo wa ziwani, wingu zima. Walitua kwenye turubai la ulingo, kwenye kamba, kwenye mafuta ya usoni mwa mabondia. Kijana mmoja alikuwa anapigana huku anatema wadudu. Kati ya raundi mtu wa kona anafuta uso kwa sponji, wanatoka weusi. Watu wa mjini walikuwa wanalalamika na kujifunika. Sisi wa visiwani tulitulia, tumewazoea. Yule kijana naye alitulia, nikamwambia niliyekaa naye, huyu wa kisiwani huyu. Alipotangazwa ikawa kweli, mtu wa Ukerewe. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka, kesho yake naongea na shemeji kwa ishara.

Dada wa Pasiansi

Naomba niseme na upande wa wanawake, maana tunapenda huu mchezo kuliko mnavyodhani.

Nilikata tiketi ya elfu hamsini, kiti cha mbele chenye namba. Kufika, kimekaliwa na baba mmoja mwenye tiketi ya namba ile ile. Mwandaaji aliuza kiti kimoja mara mbili, labda na mara tatu. Yule baba alikuwa muungwana, tukakaa kwa zamu, raundi yeye raundi mimi. Tangazo lilisema saa mbili usiku. Pambano la kwanza la utangulizi lilianza saa nne, na lile kubwa lilipanda ulingoni saa nane kasoro. Nilitoka pale hakuna daladala, bodaboda anataka mara tatu ya bei. Hili linaniuma kwa sababu linawafukuza akina dada wengi. Mtu anapenda ngumi, lakini kurudi nyumbani saa tisa usiku peke yake hawezi.

Sasa nieleze jambo lililotokea kati ya hapo. Kuna wakati kila kitu kilisimama karibu saa nzima. Watu wakaanza kuzomea, chupa zikarushwa. Kumbe gari la wagonjwa lilikuwa limempeleka bondia aliyeumia, na daktari wa ulingo alikataa pambano lingine lianze kabla halijarudi. Mimi sikuzomea. Nilikuwa karibu na ngazi alipopita yule kijana amelazwa kwenye machela. Mguu mmoja kiatu kimevuliwa, soksi ina tundu kwenye kidole gumba. Niliiangalia ile soksi nikasema, hili gari hata likichelewa mpaka alfajiri nitasubiri.

Jamani mkiambiwa subirini gari la wagonjwa, subirini.

Mbeba Ndoo

Dada wa Pasiansi, asante sana kwa hayo. Mimi ni mtu wa kona, nabeba ndoo na barafu kwa mabondia wa hapa mjini mwaka wa tisa huu. Wale wanaozomea daktari tunawasikia, na mabondia wenyewe wanawasikia.

Nitawapa ya upande wetu. Mapumziko ni dakika moja, na dakika moja ya kona siyo ile ya kwako nyumbani. Kabla kengele haijaisha kulia kigoda kiwe kimewekwa. Kocha peke yake ndiye anayeongea, wengine tunafanya kazi kimya. Nachomoa kilinda meno, nakiosha, namimina maji mdomoni kidogo, anatema kwenye ndoo. Mwenzangu anabana jeraha kwa pamba na kidole, halafu mafuta mazito juu ya nyusi ili ngumi iteleze isichane. Jicho likianza kuvimba tunaweka chuma baridi, unakandamiza bila kusugua, ukisugua unaharibu. Ikibaki kama sekunde kumi tunaambiwa tushuke. Ukichelewa na kigoda, refa anakugeukia wewe.

Hata zile bandeji za mikononi msidhani zinafungwa kienyeji. Mtu wa upande wa pili anaruhusiwa kusimama anaangalia, na msimamizi anatia saini juu yake kabla glovu hazijavaliwa.

Mkiwa ukumbini siku moja acheni kuangalia mabondia, angalieni kona kwa raundi mbili tu. Mtajua nani anaelekea kushindwa kabla majaji hawajajua. Kocha akianza kuongea taratibu sana karibu na sikio, ujue mambo si mazuri.

Chapchap

Mkolani, safari ya Kigali uliipangaje? Na mimi nataka wakija tena.

Kijana wa Mkolani

Mkuu Chapchap, niliondoka asubuhi na basi linaloelekea Ngara. Siku hizi hakuna kusubiri kivuko Kigongo, unapita juu ya daraja mpaka Busisi, kisha Sengerema, Geita, unaendelea hivyo hivyo hadi Nyakanazi. Nilishuka Benako nikaunga mpaka Rusumo. Beba hati ya kusafiria, sisi wa Afrika Mashariki hatudaiwi viza. Ukivuka mto Kagera, magari yanahamia kulia na saa inarudi nyuma moja. Mimi niliisahau hiyo ya saa, nikafika ukumbini mapema mno, ndiyo maana niliwaona wapiganaji wakipasha misuli. Nenda siku moja kabla. Ukifika siku ile ile umechoka, utasinzia mapambano ya mwanzo, na ya mwanzo ndiyo yenye vijana wenye njaa.

Mzee wa Kisesa

Nawasalimu vijana wangu. Mjukuu ananisomea huu uzi, nami namwambia aandike.

Sisi tumekua na Bulabo, mashindano ya ngoma za Wasukuma, pale Bujora. Vikundi ni viwili: Bagika wanacheza huku, Bagalu kule, kila mmoja na ngoma yake, dawa yake, na fisi au nyoka wake wa kuvutia watu. Mshindi hatangazwi na mtu aliyekaa mezani. Watu wenyewe wanahama kwa miguu yao, na ukiona upande wako umebaki na watoto, umeshindwa. Hakuna rufaa.

Kwa hiyo mjukuu aliponipeleka kwenye ngumi, kilichonisumbua ni majaji. Watu wote tulikuwa upande wa yule mfupi aliyekuwa anaingia bila woga. Majaji watatu wakampa mrefu. Nikakasirika, nikasema tumeibiwa. Mjukuu akanieleza kwa utulivu: kila raundi inahesabiwa peke yake, mshindi wake anapata 10, mwenzake 9, na akiangushwa mara moja, kwa kawaida inakuwa 8. Huyu mfupi alishinda raundi mbili kwa kishindo, mrefu akachukua nyingi zilizobaki kidogo kidogo. Nililala nalo hilo. Bado moyo wangu uko kwa mfupi, na ingekuwa Bujora uwanja wote ungekuwa upande wake. Lakini hesabu nimeielewa.

Mbeba Ndoo

Shikamoo mzee. Hata sisi wa kona tunalala nayo hiyo.

Mwana Mwaloni

Nimesoma yote nikasema na mimi niandike, ingawa si mwandishi.

Mdogo wangu ni bondia. Mama anauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Miaka mitatu alikataa kwenda kumwona. Mwaka jana akasema nipeleke.

Tulipofika akageuza kiti. Nasema kweli, alikigeuza, akaupa ulingo mgongo, akakaa anawatazama watu. Nikamwambia mama, sasa umekuja kuona nini? Akasema, nitaona kwenye nyuso zenu.

Na alikuwa anaona. Raundi ya pili akanishika goti, akaniambia kapigwa tumboni. Ilikuwa kweli. Alisema watu wa safu ya tatu wote walijishika tumbo. Raundi ya tatu akasema anachoka, maana mwalimu wake wa shule ya msingi, aliyekaa mbele yetu, alikuwa ameacha kupiga makofi. Sijawahi kuangalia pambano hivyo, nikajikuta nageuka na mimi, naangalia nyuso, kisha narudi ulingoni.

Raundi ya tano ukumbi ukanyanyuka wote. Mama hakuweza kusoma nyuso tena, watu walikuwa juu ya viti. Akauliza, kaanguka nani? Nikamwambia yule mwingine, mama. Yule mwingine. Refa anahesabu. Hakugeuka. Akasubiri mpaka nikasema imeisha.

Nilidhani atashangilia. Akasimama, akajifunga kanga vizuri, akaniuliza, huyo kijana aliyeanguka, mama yake yumo humu?

Tukamtafuta. Alikuwa safu ya nyuma kabisa karibu na mlango, ametoka Sengerema asubuhi ile. Mama akavuta kiti akakaa naye, na walikuwa bado wamekaa pale, wawili, wakati wahudumu wanakunja viti na kuzima taa za ulingo.